Mtu Wetu Amekosea, Fundi

Fundi wangu Salehe,

Shikamoo. Marahaba yako haitakuja, najua, lakini mdomo wangu umezoea kukusalimu kabla mkono haujagusa cherehani, na leo nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mto wa mabaki ya vitenge. Nikianza bila salamu nitahisi unanitazama juu ya miwani. Nina habari. Nyingine utazifurahia. Moja itakuudhi, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nianze na la furaha. Tembo walishinda! Ulituacha wiki tatu kabla ya Wamarekani kupiga kura, na ulikuwa umeapa mbele ya wateja kwamba watu wetu watarudi Ikulu, na Papa Kabeya, Mkongo mshonaji mwenzetu, alikuwa amekucheka mpaka akapaliwa. Basi walirudi. Asubuhi matokeo yalipotoka nilikuwa dirishani, huku juu ghorofa ya tatu, mabasi yanapita chini kuelekea Braamfontein, nikapiga kigelegele peke yangu. Papa Kabeya akaingia, akavua kofia, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kukatia na kuanza kukata sare za shule. Kutwa nzima hakutoa neno. Nililia kidogo siku ile, Fundi, si kwa sababu ya uchaguzi. Nililia kwa sababu ulimkosa Mkongo akiwa amenyamaza.

Wageni bado wanatushangaa. Washonaji wa Doornfontein, hapa Johannesburg, hakuna hata mmoja mwenye kura Marekani, tunamgombania rais wa kule kuliko wenye nchi. Wewe ndiye uliyetuambukiza. Ulivipa vyama vyao majina ya wanyama walio kwenye nembo zao, Tembo na Punda, ukajichagulia Tembo kwa sababu ulisema hao angalau wanamwacha mtu ale jasho lake na amlee mwanawe kwa dini yake. Papa Kabeya akachukua Punda ili tu akupinge, na akavumilia miaka yote hiyo kuitwa punda mbele za watu. Mimi mwanafunzi wako nikakufuata, mwanzoni kwa adabu, baadaye kwa moyo wangu mwenyewe. Sikatai mpaka leo. Napenda kiongozi anayesema atakalofanya halafu akalifanya, na wale Punda wana tabia ya kukuhutubia kama vile hujui jina lako.

Lakini ulituwekea sharti, na bila sharti lile tungekuwa walevi wa kahawa tu.

Nakumbuka lilivyoanza. Nilikuwa na mwezi wa pili hapa, sijui hata kutia uzi kwenye mashine ya overloki. Rais mmoja wa Tembo alikuwa ameivamia nchi ya Waislamu kutafuta silaha za maangamizi, na wewe, Mwislamu wa Tanga, uliwatetea Tembo mpaka ndugu zako msikitini wakakunyima salamu. Ulisema silaha zitaonekana. Miezi ikapita, silaha hazikuonekana. Ijumaa moja ulirudi kutoka kuswali, ukatuzimisha mashine zote, ukaivua futi yako ya kupimia shingoni, ukailaza juu ya meza ya kukatia. Nilidhani unaumwa. Ukasema, "Mtu wangu amekosea, na mimi niliwaambia uongo wake kwa mdomo wangu." Ukaeleza kosa moja baada ya jingine, ukiwa umesimama, halafu ukavaa futi yako na kuniuliza kwa nini pindo langu limekwenda upande.

Tangu siku ile ikawa sheria ya karakana. Wa kwenu akikosa, wewe ndiye wa kulisema. Mpinzani anafunga mdomo mpaka Ijumaa ipite, akupe nafasi. Futi ikiwa shingoni wewe ni shabiki, sema utakalo. Futi ikiwa mezani unatoa ushahidi. Papa Kabeya aliivua yake mwaka ule rais wao mzee alipoonekana wazi amechoka na wasaidizi wake wanaapa yuko imara. Jasho lilimtoka, masikini, lakini alisema yote. Uliniambia baadaye kwamba ulimheshimu kuanzia hapo, ila nisimwambie. Nimemwambia, nisamehe.

Sasa Jenerose, mwenzangu wa cherehani ya ubavuni.

Unamkumbuka alivyokuwa akikuletea ndizi za kupika na kukuita Babu wakati hujafika hata sabini. Ulipofariki, yeye na binti yake Belyse walikuwa wamebakiza hatua ya mwisho ya safari yao. Miaka tisa ya kungoja, Fundi, tangu atoroke Burundi na mtoto tumboni. Mahojiano, alama za vidole, vipimo vya kifua, mahojiano tena. Mwezi wa kumi na mbili wakampa tarehe ya ndege ya kwenda Marekani, mwisho wa Januari. Tulimshonea koti la baridi, mimi na Papa Kabeya, lenye bitana mbili. Kwa kuwa anaondoka, hakumwandikisha Belyse shule kwa mwaka mpya. Angemwandikisha wa nini?

Mtu wetu akaapishwa. Siku ileile ya kwanza akatia saini kusimamisha wakimbizi wote. Siku chache baadaye Jenerose akapigiwa simu kwamba safari haipo.

Hapa ndipo nilipokosea, na naandika polepole. Jenerose alinijia mimi, hakumwendea Papa Kabeya. Alisema, wewe ndiye unayewajua hawa, niambie. Na mimi, futi shingoni, kifua mbele, nikamwambia: "Usifungue begi, Jenerose. Anakagua tu. Miezi mitatu utapanda ndege." Nilisema kwa sauti yako, Fundi, ile ya kumtuliza bibi harusi ambaye gauni halijaisha. Nilijua nini? Sikujua kitu. Nilikuwa nimesoma nusu ya habari, ile nusu iliyonipendeza, na nilikuwa bado na utamu wa ushindi mdomoni.

Akaniamini. Shule za hapa zilikuwa zimefungua wiki ileile. Papa Kabeya alimshauri amtafutie mtoto nafasi upesi, akakataa, akasema Dada Mwanaisha anasema miezi mitatu. Basi Belyse akawa anakuja karakana na mama yake kila asubuhi, anakaa karibu na pasi na kitabu cha mwaka uliopita, anakisoma upya. Yule mtoto anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kizulu, wewe ulikuwa unamjibu kwa Kidigo ili mkomoane. Mwezi wa tatu hivi alikuwa amekikariri kile kitabu.

Ijumaa zilipita. Ijumaa ya kwanza nilisema ni mapema mno. Ya pili nilikuwa na gauni la haraka. Baadaye sikutafuta hata kisingizio, nilikuwa tu nawasha cherehani wakati wa chakula ili kelele ijaze chumba. Papa Kabeya hakunigusa. Angekuwa na haki, nafasi yangu ilishapita kitambo, angeniumbua mbele ya wateja kwa Kiswahili chake kile cha Lubumbashi na ningestahili. Alikaa kimya. Nadhani alikuwa anakuheshimu wewe, aliona aibu kumpiga yatima. Ukimya wake uliniuma kuliko matusi. Na mimi nikawa mkali, Fundi, ungenichukia. Nikawa nasema Punda nao waliwarudisha wangapi, nasema kila nchi ina mlango, nasema, nasema. Jenerose akahamisha cherehani yake kutoka ubavuni kwangu akaipeleka kwenye ukuta wa mbali. Alisema ni kwa ajili ya mwanga. Kule hakuna mwanga.

Miezi mitatu ikaisha na simu haikuja. Kisha mwezi wa tano tukasikia kuna ndege imeondoka, kutoka hapahapa Johannesburg, imebeba wakimbizi kwenda Marekani. Jenerose aliacha kushona. Tukasikiliza redio hadi mwisho. Walikuwa Wazungu wa nchi hii, Waafrikana, wamefunguliwa mlango wao peke yao. Mimi sina ugomvi na mtu anayetafuta usalama wake, hilo nilimalize kabisa. Lakini Jenerose aligeuka kutoka kule ukutani, hakupandisha sauti, akaniuliza swali moja.

"Dada, hao walifanya mahojiano lini?"

Belyse alikuwa ananitazama.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Sikungoja Ijumaa. Nilizima mashine yangu, nikamzimia na Papa Kabeya yake, nikaivua futi shingoni na kuilaza mezani. Nikasema mtu wangu amekosea. Nikasema aliwafungia mlango watu waliokaguliwa miaka tisa, halafu akawafungulia wengine, na mimi niliyempigia kigelegele nasema hiyo si haki na siwezi kuitafutia jina jingine. Hapo ningeweza kuishia. Ungeniambia nimeacha nusu ya mshono wazi. Basi nikaendelea. Nikasema Jenerose, hukupotezewa shule ya mtoto na Ikulu ya Marekani. Hiyo nilikupotezea mimi. Nilikwambia usifungue begi kwa sababu nilitaka mtu wangu awe sahihi kuliko nilivyotaka wewe uwe salama. Nililia, ndiyo, mbele ya mteja aliyekuja kupima suruali.

Jenerose hakunikumbatia. Usifikiri mambo yalikwenda hivyo. Alisema sawa, akarudi kushona, na nikaona mabega yake yanatikisika. Aliyesema ni Papa Kabeya. Alikohoa, akachukua futi yangu mezani, akanirudishia mkononi, akasema, "Bon. Sasa tunaweza kugombana tena."

Jumatatu yake nilifunga cherehani yangu nikafuatana na Jenerose na mtoto kutafuta shule. Ya kwanza walisema wamejaa. Ya pili walitaka karatasi ambayo Jenerose hajawahi kuwa nayo. Ya tatu yule mama wa ofisini alitutazama, akasema eish, mwezi wa tano, mlikuwa wapi muda wote huu? Jenerose alifungua mdomo, nikamtangulia. Nikamwambia kosa ni langu, si la mama huyu, nilimpa habari mbaya. Sijui ni hilo lililomlainisha au ni Belyse aliyeanza kumweleza kwa Kizulu kitabu chake chote, ukurasa hadi ukurasa. Alimpokea. Usiku huohuo Jenerose alifungua begi. Lile koti tulilomshonea sasa analivaa asubuhi za baridi za Juni hapahapa, na linamkaa vizuri, zile bitana mbili ulizotufundisha zinafanya kazi.

Faili lake bado limelala huko liliko. Sikuandikii kukufurahisha. Lakini cherehani yake imerudi ubavuni kwangu, aliirudisha mwenyewe siku nimekwenda Newtown kununua vifungo, nikarudi nikaikuta. Nilimsogezea kikapu cha uzi.

Na mimi? Usidhani nimehama. Papa Kabeya alijaribu, alininunulia hata soda, akaniambia njoo upande huu kuna nafasi. Nilimwambia kunywa soda yako. Bado naamini mengi uliyonifundisha kuamini, na wakikosea Punda nitamngoja pale mezani kwa hamu. Ila nimejifunza kitu ambacho nilikiona ukikifanya miaka ishirini bila kukielewa. Nilidhani ulikuwa unaivua futi kwa ajili ya Papa Kabeya, ili asituzidi. Kumbe kuna mtu siku zote anakaa karibu, ambaye hana kura wala chama, anasubiri kusikia ukweli kutoka kwetu ili ajue la kufanya na mwanawe. Shabiki asiyeona kosa la mtu wake huyo ni chawa tu, na chawa hawezi kumdai kiongozi chochote. Mimi nataka kumdai. Nilimshangilia, kwa hiyo nina haki ya kumdai kuliko Papa Kabeya.

Umenikosesha raha, mzee wangu. Ungekaa japo mwaka mmoja zaidi. Najiuliza kama ungeivua futi siku ileile alipotia saini, halafu najijibu kwamba ndiyo, na hapo ndipo nakulilia.

Jumapili nitakuja kaburini kukusomea dua, Jenerose anasema naye atakuja japo ni Mkristo, atakaa kimya pembeni. Lala kwa amani, Fundi wangu. Ahadi yangu ni hii, na nakuahidi nikiwa na akili zangu: mtu wetu akikosea tena, Jenerose atasikia kwangu kabla hajasikia kwenye redio, na nitamwambia lote, pamoja na ile nusu isiyonipendeza.

Mwanafunzi wako,
Mwanaisha, bado Tembo