Jozi Huhesabiwa kwa Anayejua Zaidi

Jumapili, Machi 1984. Babati. Mawingu tangu asubuhi, mvua haijaamua.

Sauti iliyobaki masikioni mwangu ni ya soli ya tairi ikinasa kwenye saruji. Hatua mbili laini, ya tatu inakwaruza. Huu ni mwaka wa pili viatu vya ngozi havionekani dukani, na Paskali, mchumba wangu, anacheza na vile alivyoshonewa sokoni kwa mpira wa gurudumu la lori. Mpira hautelezi. Jana ukumbini watu walicheka kila mguu wake uliponasa, na mmoja kule nyuma akauliza, "Bwana shamba, unacheza au unapima nafasi ya mahindi?"

Paskali mwenyewe alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na kazi.

Niieleze kazi yenyewe. Mashindano haya ya dansi yana ngazi tatu: ya chini kwa wanaoanza, ya kati, na ya juu. Mzee Elias, katibu wa mashindano, husoma sheria yake kabla gramafoni haijazungushwa: jozi huhesabiwa kwa yule anayejua zaidi. Mmoja akiwa wa juu, wote wawili ni wa juu, hata kama mwenzake bado anahesabu hatua kwa midomo.

Mimi ni wa juu. Nilicheza miaka miwili chuo cha ualimu na nina cheti. Kiko chini kabisa ya sanduku la nguo. Paskali alianza Januari. Mwalimu wake ni mimi, darasani kwangu, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani baada ya watoto kwenda nyumbani.

Yeye ndiye aliyesema tujiandikishe ngazi ya chini. Hapa Babati, alisema, nani anajua habari za chuo chenu? Kisha akasema kwa upole kwamba ndugu zake watashuka kutoka Mbulu kumtazama, na hao hao ndio watakaoleta posa kwetu baada ya Pasaka. Hakutaka wamwone akiburutwa na mchumba wake.

Nikasaini.

Kucheza vibaya kwa makusudi ni kugumu kuliko kucheza vizuri. Nilikaza magoti. Nilitazama miguu yangu kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Na wakati huo huo, kiganja chake kikiwa mgongoni mwangu, nilikuwa namwambia kwa mgongo huo ageuke lini na asimame wapi. Waamuzi wakasema bwana anaongoza vizuri, bibi ajitahidi. Paskali akaniinamia, akaninong'oneza nisijali, nitazoea.

Hakuwa anaigiza. Alikuwa amesahau.

Jozi mbili tu za ngazi ya chini zilichukuliwa kwa fainali ya Jumamosi ijayo, na sisi tulikuwa wa pili. Wa tatu walikuwa Baba Neema na Mama Neema, wakulima wa Bonga, watu wa umri wa wazazi wangu. Hawana gramafoni. Wamejifunzia uani, wakihesabu kwa sauti. Mshindi atapewa blanketi, na blanketi siku hizi hulipati hata ukipanga foleni tangu alfajiri.

Nilimwamkia Mama Neema mlangoni. Aliitikia marahaba, akanishika mikono yote miwili.

"Hongera, Mwalimu. Sisi tulianza mwaka jana, nyinyi mmetupita ndani ya miezi miwili. Mungu amewapa kipaji."

Nilisema asante. Ndilo neno ninalolionea haya kuliko yote niliyosema mwaka huu.

Leo baada ya misa nilimwambia Paskali kwamba tupande ngazi ya juu. Alinijibu tulipofika njia ya Singe, anakokaa.

"Yustina, kule juu wewe utapendeza. Mimi nitaonekana."

Nikamwambia tutashika mkia pamoja, na sitaona aibu. Nikamuuliza kama anakumbuka jana nani alikuwa anamgeuza nani. Akasema mke hamhesabii mumewe hatua. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaniaga, akaenda.

Bado namtaka. Nilipougua malaria alikuja na sukari kwenye karatasi, na sijui hadi leo aliitoa wapi. Lakini nikiolewa nikiwa nimekaza magoti hivi, nitayalegeza lini?

Saa tisa nilikitoa cheti, nikaenda nyumbani kwa Mzee Elias. Alikisoma mara mbili. Nikamwambia nilidanganya, na kwamba mwenzangu alijua. Akaniuliza kama naelewa kwamba kule juu tutakuwa wa mwisho. Nikasema naelewa. Akafungua daftari, akanipa kalamu nifute mwenyewe. Mbele yangu akaandika Baba na Mama Neema mahali petu.

Kisha akageuza ukurasa wa ngazi ya juu na kuniuliza aandike jina la nani pembeni ya langu. Nilimwomba aache wazi. Paskali ana mpaka Ijumaa, na akitaka atakuja kusaini kwa mkono wake, akijua anasaini wapi.

Langu nimeshaliandika.