Washairi Wawili Kwenye Simu

Sanyuanli, Jumanne, 1998

Kumbe mimi ndiye yule mshairi mwenye ndevu. Nilipokuwa nikifundisha washairi wawili wa Marekani wa karne iliyopita, bwana mwenye ndevu na bibi mpweke, niliwaambia wanafunzi: huyu bwana anapayuka, anataja kila mtu barabarani, mistari yake haina breki; yule bibi kajifungia chumbani, anasema maneno manne, mengine anakuachia kimya. Nilimsifu bibi. Kisha nikaoa mke wa aina yake, nikashindwa kumsoma.

Leo nimempigia Mwanaisha kumsihi asirudi kwao. Nikaanza na bei za soko la Shisanhang huku kwa Wachina ninakonunua bidhaa, mvua, wanasesere niliopakia, ndege nitakayorudi nayo...

"Mwalimu, umemaliza?"

"Bado kidogo, mke wangu."

"Nimeshafunga mizigo."

Maneno mawili tu! Nilifungua mdomo nimjibu kwa beti ishirini, nikaufumba. Naogopa kumpoteza, na woga wangu una kelele. Kwa mara ya kwanza tukanyamaza wote wawili. Nilimsikia akipumua, kama anayetaka kusema jambo.

Halafu simu ikakatika. Kadi yangu ya simu ndiyo iliyokwisha, lakini yeye atajuaje kwamba sikukata mimi?