Mguu Wangu Hauna Kosa

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni. ~~Kipashe moto.~~ Kile hivyo hivyo baridi.

Gari lako la kizamani liko juu ya jeki. Asubuhi breki ya mbele ilikuwa inanuka moto, gurudumu halizunguki hata kwa mkono. Nikafungua mpira unaopitisha mafuta ya breki, presha ikatoka, gurudumu likazunguka bila ubishi. Mpira umevimba kwa ndani, mafuta yanaingia ila hayarudi, breki inabana yenyewe. Ndio ule uliokataa kuubadilisha eti nje bado unang'aa.

Halafu ukawaambia ndugu zako naendesha huku nimekanyaga breki. Walinicheka mpaka machozi.

Mpira ninao kwenye mkoba. Mchana nakula kwa dada yako, na wote watakuwepo. Ukitaka kujitetea njoo, ila utakuja kwa miguu.

Mama Watoto