Herufi Ulizozikwaruza kwa Mbuzi ya Nazi

Mke wangu mpenzi, mama Rukia,

Jana nilisogeza mtungi wako wa maji. Chini yake nikakuta ulichokuwa umekiweka usiyumbe: ile herufi U ya kwanza uliyoichonga kwa mti, ikapasuka pembeni, ukachonga nyingine. Nilikaa nayo sakafuni mpaka Rukia akaniuliza kama naumwa.

Unaukumbuka mwaka ule herufi kubwa za kuchapia matangazo zilipoacha kuja kutoka ng'ambo, na zangu zilikuwa zimekwisha kulika? Vijana wa maigizo wa Kiembe Samaki walitaka tangazo la mchezo wao, GOFU, habari ya watu wanaoishi katika nyumba iliyobomoka nusu. Mimi nilishika kichwa. Wewe, binti wa mchonga milango, ukaomba vipande vya mfenesi, ukachonga herufi nne nene, kinyumenyume kama inavyotakiwa. Halafu ukazikwaruza kwa meno ya mbuzi ya nazi na kuzigonga kwa kokoto. Nilidhani umeingiwa na wazimu. Tulipozipaka wino na kupiga karatasi ya kwanza, likatoka neno zito, jeusi, limebanduka hapa na pale kama chokaa ya kuta zetu za Mkunazini. Ulicheka peke yako kwa furaha.

Akaja Hemedi, kiongozi wao, akaishika ile karatasi. Hata hajafungua mdomo, nikaona haya, nikaogopa atasema chapa yangu imechakaa. Nikamwambia, "Samahani, mke wangu hajui kazi."

Nawe ulikuwa mlangoni, umeshika sinia ya kahawa.

Nilizipiga msasa herufi zako mpaka zikawa laini. Matangazo yakabandikwa mji mzima, ungedhani ni ya duka la mchele. Mwezi haukwisha, Hemedi akarudi na adabu zake, akakiri kuwa ile karatasi ya kwanza ndiyo iliyompendeza, ila aliona vibaya kumpinga mtu mzima. Akataka herufi za namna ile kwa mchezo mwingine. Nikaja jikoni kukuomba. Ulikuwa unakuna nazi, hukuinua uso.

"Kamwambie mke wako hajui kazi."

Nilidhani unanitania, nikacheka. Lakini patasi hukuishika tena, nami sikukuomba radhi. Kila siku nilijiambia kesho, hata homa ikakuchukua.

Najuta, mama Rukia. Miaka yote tuliyokaa hukunitia aibu mbele ya mtu, na mimi nilikutia mbele ya mgeni, kwa kazi nzuri kuliko zangu zote.

Leo asubuhi nimeipaka wino U yako, nikaipiga juu ya karatasi hii pamoja na ufa wake. Msasa sikuugusa. Nakala nyingine nimeibandika mlangoni. Hemedi alipita, akasimama, akauliza nani kaichonga. Nikamjibu kwa sauti, majirani wasikie:

"Mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akijua kazi."

Pumzika, na kama msamaha wafika huko uliko, nakuomba.

Mumeo,
Baba Rukia