Rangi ya Gauni la Mama

Jumatatu, 10 Machi

Nimeyapa hewa magauni. Kumi na moja, kwenye kamba ya veranda, kivulini, yamegeuzwa ndani nje. Kila Jumatatu ndivyo, na msiba haukunipa sababu ya kuacha. Nimebadilisha majani ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Nimezipaka zipu za chuma nta ya mshumaa. Yote yalishonwa kabla sijazaliwa, na mafundi wa mitaa ya Kaloleni na Shauri Moyo. Mengine niliyatoa kwenye mitumba ya Gikomba, mengine chini ya vitanda vya wajane. Moja nililikuta Kariokor, fundi wa viatu akilifutia gundi. Majirani zangu hapa Tassia wanadhani nauza, kumbe nayahifadhi tu.

Mama alifariki Jumamosi. Sijalia. Nimekula chapati mbili.

Gauni lake ni la kwanza kwenye daftari langu. Namba 1. Pamba nzito, bitana, zipu ubavuni, sketi ya marinda. Lilishonwa mwaka baba alipoajiriwa reli. Rangi: chai ya maziwa.

Jumanne, 11 Machi

Matanga Jericho, nyumbani kwa mama. Viti vya kanisa, chai ya birika kubwa. Mama mdogo Rispa, mdogo wake marehemu, alisimama akatangaza: dada yake aliacha neno kwamba azikwe na gauni lake la ujana. Wote wakanigeukia.

Nikasema hapana. Kisha nikahutubia. Kwamba historia ya mitaa hii haimo maktabani, imo kwenye mishono. Kwamba wakubwa wamejengewa sanamu, mama zetu wameachiwa magauni. Kwamba kulizika gauni lile ni kuchoma hati. Nilisema vizuri. Miaka ishirini ya kugombana na watu magazetini haikupotea bure.

Kaka yangu Wekesa: "Sister, hiyo ni nguo, si katiba."

Mama mdogo hakupandisha sauti. "Nguo za marehemu hugawanywa baada ya mazishi, Nasimiyu. Wewe ulijigawia mwenyewe akiwa hai."

Wanawake wa kanisa wakachekea ndani ya leso. Lilikuwa pigo safi. Siku nyingine ningelijibu. Sikuhisi kitu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri. Naandika hili kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika.

Januari mama aliniomba gauni. Alitaka kulijaribu tu, ajione kwenye kioo. Nikamwambia jasho huozesha pamba. Nikamwonyesha picha ya gauni kwenye simu badala ya gauni lenyewe. Aliitazama sana. Akasema, "Hata rangi si hii."

Ubishi wa zamani. Mama alishikilia siku zote kwamba gauni lilikuwa manjano. Manjano ya kupiga kelele, hata mchungaji alilisema mimbarini. Nami nikaandika makala nzima kumpinga, bila kumtaja jina: wanawake wa nyumba za reli walivaa rangi za staha, na kumbukumbu za wazee hupenda kuchovya kila kitu kwenye rangi. Ushahidi wangu ulikuwa gauni lenyewe, na picha ya studio ya mama akiwa amelivaa. Picha nyeusi na nyeupe! Makala ilisifiwa. Wekesa alimsomea. Alichosema mama ni, "Mwacheni, huyo amesoma."

Saa sita mama mdogo alipiga simu. Nguo ifike mochari Ijumaa saa tatu. Hakunisihi. Aliongeza tu kwamba mhudumu ataipasua mgongoni, shingo hadi pindo, maana mwili uliokakamaa hauvishwi kwa njia nyingine. Ndivyo wafanyavyo, na jeneza halionyeshi mgongo. "Usilete mdomo huko, mama."

Mkasi kwenye Namba 1. Hilo nililihisi. Kidogo, kama jino lililochomwa ganzi.

Nimetia Namba 6 kwenye mfuko. Pamba, marinda, rangi ileile ya chai. Nani atajua?

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamka na hasira, mara ya kwanza wiki hii. Hasira kwa mama. Kwa nini aliniachia ubishi bila kuumaliza?

Basi niumalize. Nina sheria moja: sifumui mshono wa fundi. Sijawahi. Kwa sababu hiyo sijawahi kuona kilicho kati ya kitambaa na bitana. Leo nimeketi dirishani na wembe, Namba 1 kwenye meza, si kwa huzuni wala kwa utii. Nilitaka kushinda. Mshono wa mgongoni ukifunguka utaonyesha rangi ambayo haikuonja jua, na itakuwa chai, na nitakuwa nimesema kweli.

Nimefumua bitana. Halafu uzi wa kwanza wa mshono. Wa pili. Fundi alikuwa ameacha inchi nzima ya akiba kila upande. Alijua mke wa mtu wa reli atanenepa.

Manjano.

Si manjano ya kufifia. Manjano ya ndizi iliyoiva juzi. Nimeifunika kwa kiganja, nimefunua. Ileile.

Miaka yote ile ya kamba za kuanikia za Jericho, jua la adhuhuri, sabuni ya mche. Rangi niliyoiita staha ilikuwa uchakavu.

Sikulia. Nilitarajia kulia. Nimeendelea kufumua, uzi kwa uzi, shingo hadi pindo, hadi mikono ikafa ganzi. Sasa limefunguka lote mgongoni. Hakuna atakayehitaji mkasi.

Namba 6 nimeirudisha kabatini.

Ijumaa, 14 Machi

Mochari. Mhudumu, mzee mwenye buti za mpira, aliligeuza gauni huku na huku. "Madam, umetumalizia kazi. Hii ni kazi ya fundi."

Mama mdogo aliuona mstari mrefu wa manjano pande zote mbili za mgongo. Akaugusa. Nilisubiri aseme neno. Nilistahili.

"Alikuwa anawaka," akasema. "Ukimwona kwenye foleni ya maji unamjua kutoka mbali."

Nikamwambia nilikosea. Nadhani ni mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya mtu. Alinitazama kama mtu anayeumwa.

"Mwambie mwenyewe. Ingia, tumvike."

Nikaingia. Mikono ya mama ilikuwa baridi na mizito. Tulilifunga gauni mgongoni kwa pini tano. Marinda niliyapanga mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Mazishi, Kimilili. Udongo mwekundu. Watu wengi. Niliitwa niseme neno, nikabaki nimekaa. Wekesa alisema kwa niaba yangu. Alisema kwa ufupi kunishinda.

Jumatatu, 24 Machi

Nilirudi Tassia juzi. Nimeyapa hewa magauni kumi. Kamba ina pengo upande wa kushoto. Sikuyasogeza.

Mhariri ameniomba makala. Nimemwambia nitaandika ya kujisahihisha. Akadhani natania.

Chai imepoa, nimeinywa hivyohivyo. Kisha nimefungua daftari, ukurasa wa kwanza. Nimeyakata maneno "chai ya maziwa" kwa mstari mmoja, yaendelee kusomeka. Pembeni nimeandika:

Rangi: manjano. Chanzo: mwenye gauni.