Ng'ombe Hana Vidole

Jumatatu, 8 Septemba

Ng'ombe wangu Mgori amekufa jana, saa tisa alasiri. Leo nimeamka saa kumi na moja kama kawaida, nikasuuza ndoo, nikapaka mafuta mikononi. Nimefika bandani ndipo nikakumbuka. Lita kumi na mbili kwa siku, zimekwenda. Nilimnunua akiwa mtamba, kwa mtama niliolima mwenyewe kule Mgori, ndiyo maana ya jina. Amebaki binti yake, Sabuni, mweupe, ana mimba ya kwanza.

Daktari wa mifugo alimpasua kabla hatujazika. Tumbo zima rambo, ile mifuko ya plastiki. Nilizipima kwa mizani ya pumba: kilo kumi na tisa. Zilipigwa marufuku, mtaani kwetu hazijawahi kuisha.

Wateja nimewaambia hakuna maziwa. Sikueleza.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeziosha zile rambo. Majirani wanachungulia, wanadhani akili imeruka.

Nyingi si tupu. Zimefungwa. Fundo gumu juu, ndani ugali uliovunda, maganda ya viazi, ukoko wa wali.

Nimekaa chini. Sasa naelewa. Mtu mchafu humwaga makombo wazi. Ng'ombe analamba, yamekwisha. Mtu msafi anatia kwenye rambo, anafunga vizuri nzi wasije, kisha anatupa kwenye kile kiwanja kitupu nyuma ya banda langu. Jalala limepanda hadi usawa wa uzio. Mgori hakutoka nje. Alinyoosha shingo tu, akanusa ugali. Ng'ombe hana vidole vya kufungulia. Anameza na fundo lake.

Ameuawa na watu wasafi. Inauma zaidi.

Alhamisi, 11 Septemba

Mwenyekiti wa mtaa amepita. Ni mdogo kwangu. Shikamoo mama, pole sana mama. Halafu akasema kikao cha Jumapili kitajadili mifugo mjini.

Nikamwambia tatizo ni takataka.

"Mama, takataka ni za wote. Ng'ombe ni wako."

Ndiyo hesabu yake. Kumwondoa Sabuni ni rahisi kuliko kuondoa jalala. Nikimpoteza na huyu sina kitu, narudi kwenye jembe.

Gari la taka haliingii uchochoroni kwetu. Linasimama barabara kubwa siku linayotaka, honi mbili, limeondoka. Mwenye mtoto mgongoni atakimbia na ndoo mpaka wapi? Anatupa kiwanjani. Kwa hilo simlaumu mtu.

Jumapili, 14 Septemba

Kikao, uani kwa mwenyekiti. Nimekwenda na ndoo ya kukamulia, imefunikwa. Fundi baiskeli, mtu wa maneno, akasema, "Leo mama katuletea mtindi." Wakacheka.

Nikamwaga mezani zile rambo zenye mafundo. Kicheko kikafa. Sikuhutubia. Nilisema tu: fungueni.

Mama Zaituni ni jirani yangu wa ukuta. Anafagia uwanja wake asubuhi na jioni. Alishika rambo moja akaigeuza. Imezungushwa mara mbili, ncha zimepitishwa ndani, kama anavyofunga kitenge chake.

"Hili langu," akasema. "Mimi ndiye nafunga hivi."

Hakuna aliyemwuliza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu. Nimeshindwa.

Baada ya hapo maneno yakawa mafupi. Makombo kwenye ndoo, wazi, bila rambo. Yatakuja kwa Sabuni na kwa kuku wa Mama Zaituni. Taka kavu kwenye magunia ya alizeti. Fundi ana guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, atabeba hadi barabara kubwa, kaya thelathini na moja zitamchangia. Jalala tunaliondoa wenyewe.

Kimebaki kitu kimoja: siku ya gari. Guta bila siku ni bure.

Mwenyekiti: "Tutalifanyia kazi." Na mifugo? "Hilo nalo tutaliangalia."

Jumanne, 16 Septemba

Tumezoa tangu alfajiri, wake kwa waume. Magunia thelathini na nane yamesimama barabara kubwa.

Gari halikuja. Upepo umeamka mchana. Mbwa wamechana gunia la kwanza.

Fundi, amejaa vumbi mpaka kope: "Mama, jalala tumelihamisha tu. Sasa linakaa mjini."

Sikucheka. Nina hofu. Mwenyekiti akipita pale atasema mnaona, na atakayelipia ni Sabuni.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama Zaituni ameleta ndoo yake mwenyewe. Akaiweka mlangoni pa banda. Tumeamkiana, basi. Makombo ameyachambua, hata uzi hamna.

Sabuni amekula polepole. Nyuma ya uzio mchanga unaonekana. Nilikuwa nimesahau kwamba kile kiwanja kina mteremko.

Magunia bado yako barabarani.

Jioni nimemtumia mwenyekiti ujumbe kwa simu. Naunakili hapa ili nisije nikaukana:

Pole yako niliipokea. Sisi tumefanya yetu. Nina maswali mawili. Gari linakuja siku gani? Sabuni anabaki au anaondoka? Nijibu kesho kabla ya saa sita mchana. Kwa la kwanza taja siku, kwa la pili neno moja. Usiniandikie kwamba mnalifanyia kazi.