Ua Inayongoja Magaribi

Wamaza, tarehe 4 mwezi wa kumi

Yaya yangu mupendwa Aïcha,

Asalamu aleikum. Uko muzima? Tumbo iko namna gani, mutoto anacheza? Unalala vizuri, miguu haivimbi? Niambie kweli, yaya, usiandike tu kwamba uko muzuri sababu ya kunifurahisha. Na shemeji Moussa, nyavu zake zinapata samaki? Sisi huku tuko wazima. Mama anakohoa kidogo na baridi ya mvua, lakini asubuhi bado anatangulia kila mutu ku shamba.

Sasa sikiliza. Niko na hasira, kama maandiko ni mabaya unisamehe.

Zile orkide, maua yenye kuota juu ya miti, wewe njo ulinionyesha ya kwanza. Siku hizi nayajua yote. Hakuna mutu alinifundisha, ni telefone tu, nikipanda ku kilima ya kukamata rezo, ule mutandao. Njo kule nilisikia kama ku Kasongo kuna klubu ya orkide, watu saba, na kila mwanzo wa mvua wanaonyesha maua yao ndani ya sale moja ya mikutano. Kila mwaka wanaingiza mutu mumoja mupya, yule mwenye ua yake imepita zingine. Yaya, nilitaka hiyo nafasi kuliko kitu chote! Huku nikisema orkide, wanasema huyu binti badala ya kutafuta bwana anaongea na miti.

Nikaenda. Siku mbili juu ya pikipiki ya Octave, ua yangu ya nyeupe juu ya magoti ndani ya beseni, na kipande ya tawi yenye iliota juu yake. Tulikwama mara tatu ndani ya potopoto. Octave akaniambia niteremke nisukume, nikamujibu kwamba mutu mwenye kubeba mutoto hasukumi. Akacheka, akauliza baba ya mutoto ni nani.

Nilizani nitakuta maua mia. Zilikuwa kumi na moja, ndani ya makopo ya nyanya na sufuria zenye kutoboka. Lakini nzuri! Mama Pélagie wa klubu alikuwa na moja ya manjano yenye madoa kama chui. Nilisimama pale mpaka akaniambia niache kuipumulia.

Saa ine ya asubuhi juri, wale wa kuhukumu maua, ikapita. Prezida ni mwalimu Hippolyte, muzee mwenye miwani ya kufungwa na uzi. Akaweka pua ku ua yangu, akaandika: harufu, zero. Nikamuambia ile ua inatoa harufu magaribi, wakati vipepeo vyake vinatoka. Mama Pélagie akasema basi juri irudi na blanketi. Wote wakacheka. Na miye niliijua, yaya, kila magaribi naisikia! Kisha mwalimu akageuza tawi, akaona limekatwa juzi tu, bado na utomvu. Akasema klubu haipokei kitu cha kuiba ku pori, watu wa makala na watu wa zahabu wanatosha kuimaliza. Akafuta jina yangu ku karatasi.

Kulikuwa na neno moja la kujitetea. Sikulisema. Nilibaki ku benchi, nimenuna, mpaka wakaanza kufagia.

Magaribi, adhana inaita, harufu ikatoka. Sale yote ikajaa. Mama Pélagie akaacha ufagio. Mwalimu akarudi mbio, akamulika chini ya mizizi na telefone yake, akaona kipande ya kitenge ya bluu, mizizi imekwisha kupita ndani yake. Akasema kumbe haikutoka ku pori, kuna mutu aliifunga kwa mukono, zamani. Akaniuliza nani.

Yaya, ile kitenge ni yako. Ni ile ua ulifunga ku muti wa avoka mbele ya kuolewa. Nilikata tawi la muti wako, ule mama alizika kitovu chako chini yake, wenye hakuna mutu anagusa na panga wakati mwenyewe anaishi, sababu wazee wanasema muti ukiumia, mwenyewe anaumia. Na wewe uko na mimba. Sikukuomba, sababu ungekatala. Pale nilikata nimepaka udongo, mama hajaona. Njo maana nilifika Kasongo, na kwako Nyangwe iko pale karibu, nikarudi bila kukusalimia.

Nikamuambia mwalimu kweli yote. Akachukua karatasi, pale alifuta jina yangu akaandika yako. Ua imekuwa ya kwanza. Mutu mupya wa klubu ni wewe, Aïcha wa Nyangwe, mwenye hata jina ya ile ua haujui! Miye nirudi mwaka kesho na ya kwangu. Nililia na hasira mpaka Wamaza.

Tawi nimelifunga tena ku avoka na kamba. Ua bado inatoa harufu. Nasoma sana ku telefone, najua muti ni muti. Lakini tangu nirudi, kila pikipiki inayotoka upande wa Lualaba, upande wako, nasimama mulangoni. Yale maulizo ya kule juu hayakuwa salamu. Rudia kuyasoma, unijibu moja moja: tumbo, mutoto, usingizi, miguu.

Mama anakusalimia, hajui ninaandika nini. Umusalimie shemeji.

Miye mudogo wako mwenye kosa,
Amisa